Jinsi ya kutambua vijisanamu vya wanyama vya udongo vyenye thamani

SI ajabu kuingia katika nyumba ya mzee fulani Limuru, Nakuru au Kitale na kumkuta, juu ya kabati la vyombo, mbwa wa udongo mwenye masikio marefu akimkodolea mgeni macho. Ukiuliza alikotoka, utaambiwa aliachwa na Mzungu aliyeuza shamba na kurudi kwao miaka ya sitini, au kwamba nyanya alimnunua kanisani siku ya mauzo ya vitu vilivyotumika. Watoto wamemchezea, mmoja akamvunja sikio, baba akaliunga kwa gundi. Hakuna ajuaye iwapo kitu hicho kinastahili shilingi hamsini au shilingi elfu hamsini.

Swali hilo lina uzito wake. Vijisanamu vya aina hii huuzwa na kununuliwa kila wiki katika minada ya ng'ambo na katika mtandao wa intaneti, na anayepata hasara kwa kawaida ni yule asiyejua anachokiuza. Aidha, kuna hasara ya upande wa pili: mnunuzi anayelipa fedha nyingi kwa kitu kilichotoka kiwandani mwaka jana, kikapakwa maji ya chai ili kionekane cha kale.

Makala haya yanaegemea zaidi vijisanamu vya Uingereza, hususan vya jimbo la Staffordshire, kwa kuwa ndivyo vilivyosambaa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Kenya ikiwamo. Miji sita ya jimbo hilo, yaani Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, iliunganishwa mwaka wa 1910 kuwa Stoke-on-Trent. Ardhi yake ilikuwa na makaa ya mawe ya kuchomea pamoja na udongo, na kwa zaidi ya karne mbili moshi wa majoko haukukoma angani.

Mbwa wa juu ya meko

Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya walikuwa na sanamu za kauri nyeupe laini, mfano zile za Meissen nchini Ujerumani, ambako mchongaji Johann Joachim Kändler alifinyanga wanyama wa kila aina kuanzia miaka ya 1730. Mfanyakazi wa mgodi au wa kiwanda cha pamba hakuweza kuzimudu. Wafinyanzi wa Staffordshire walimtengenezea mbadala wa bei nafuu, wa udongo wa kawaida uliofunikwa kwa glezi, yaani ule utando unaong'aa kama kioo. Vitu hivyo viliuzwa sokoni na kwenye maonyesho ya vijijini kwa senti chache, na sehemu ya kazi ya kuvifinyanga na kuvipaka rangi ilifanywa na watoto.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa mbwa wa aina ya spanieli ambaye jina lake linatokana na Mfalme Charles. Malkia Victoria alipokuwa msichana alikuwa na mbwa wa namna hiyo aliyeitwa Dash, na inaelekea mapenzi yake kwa mnyama huyo yalichangia kuwafanya Waingereza wengine wamtake juu ya meko yao. Mbwa hawa walitengenezwa wawili wawili, mmoja akitazama kulia na mwenziwe kushoto, na mara nyingi huwa weupe wenye mabaka mekundu ya kutu au meusi, na mkufu wa dhahabu shingoni wenye kufuli dogo. Kwa kuwa waliegemezwa ukutani, mgongo wa wengi wao haukupakwa rangi kwa uangalifu. Asiyejua anaweza kudhani kazi haikukamilika, kumbe ndivyo ilivyokusudiwa.

Jambo la kwanza la kukumbuka kuhusu mbwa hawa ni kwamba jozi halisi ina thamani inayozidi mara mbili ya mbwa mmoja. Jozi halisi ni ile iliyotengenezwa pamoja, si mbwa wawili wa vimo tofauti walioletwa pamoja na dalali. Pima urefu wao, linganisha rangi ya mabaka na namna macho yalivyochorwa. Mchoraji mmoja huwa na mkono mmoja. Nyusi zikitofautiana sana, basi hao si ndugu. Jambo la pili ni miguu ya mbele. Mbwa ambaye miguu yake ya mbele imetenganishwa na kifua, ukaweza kupitisha kidole katikati, alihitaji kazi zaidi kuliko yule ambaye miguu yake imechorwa tu juu ya pande moja la udongo. Kwa hivyo bei yake hupanda.

Pundamilia mwenye manyoya ya farasi

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kucheka. Miongoni mwa wanyama waliofinyangwa Staffordshire walikuwamo simba, chui, tembo, twiga na pundamilia. Wengi wa wafinyanzi hao hawakuwahi kumwona mnyama yeyote kati ya hao. Waliobahatika waliwaona katika maonyesho ya wanyama yaliyozunguka mjini hadi mjini, kama yale ya George Wombwell, na waliosalia walitegemea picha za vitabuni. Matokeo yake ni kwamba pundamilia wa Staffordshire ana manyoya marefu ya shingo yanayoning'inia kama ya farasi, na mara nyingine ana hatamu kinywani! Sababu ni rahisi: mfinyanzi alichukua kalibu ya farasi aliyokuwa nayo, akamtoa farasi, kisha akampaka milia.

Mtu aliyewahi kupita kando ya barabara ya Naivasha anajua kuwa manyoya ya shingo ya pundamilia husimama wima kama brashi. Hivyo basi mtu wetu angeweza kuitupa sanamu hiyo kwa kudhani ni kazi ya mlaghai asiyejua wanyama. Angekosea. Kosa hilo ni la zama zenyewe, na wakusanyaji wanalipenda. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sehemu inayopendeza kuliko zote katika elimu hii, kwa maana inatuonyesha jinsi wanyama wetu walivyofikiriwa na watu waliokuwa mbali nao maelfu ya maili.

Wengine wana historia inayoweza kutajwa kwa mwaka. Mwaka wa 1827 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimpelekea Mfalme George wa Nne wa Uingereza twiga aliyetoka Sudan, na mnyama huyo akawa gumzo la London. Mwingine alipelekwa Ufaransa kwa Mfalme Charles wa Kumi. Naye tembo Jumbo, aliyekamatwa Afrika akiwa mchanga na kuwekwa katika bustani ya wanyama ya London, aliuzwa mwaka wa 1882 kwa Mmarekani P. T. Barnum huku Waingereza wakilalamika. Wafinyanzi hawakuchelewa kumfinyanga na kumwandika jina. Jumbo alikufa nchini Kanada mwaka wa 1885 baada ya kugongwa na treni. Kijisanamu kinachoambatana na tukio la namna hii humsaidia mkusanyaji kukadiria umri wake, kwani hakuna aliyefinyanga Jumbo kabla hajawa maarufu.

Kutambua umri

Anayetaka kujua umri wa kijisanamu asianze na uso wake. Akigeuze, akitazame chini.

Wanyama wa Staffordshire wa katikati ya karne ya 19 kwa kawaida walitengenezwa kwa kushindilia vipande vya udongo kwa mkono ndani ya kalibu ya sehemu mbili, kisha sehemu hizo zikaunganishwa. Kwa sababu hiyo kuta zake ni nene, kitu chenyewe ni kizito kuliko kinavyoonekana, na tundu la kutolea hewa wakati wa kuchomwa ni dogo, pengine si kubwa kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Njia ya baadaye ni ya kumimina udongo uliolainishwa kwa maji hadi ukawa kama uji. Kalibu ya plasta hunyonya maji, ganda jembamba la udongo hushika ukutani, na uji uliobaki humwagwa. Kijisanamu cha namna hiyo huwa chepesi, na mara nyingi chini yake huwa na tundu kubwa la duara linaloweza kupitisha kidole. Tundu kubwa kwa mbwa anayedaiwa kuwa wa mwaka wa 1850 ni sababu tosha ya kurudisha pochi mfukoni.

Kisha itazamwe dhahabu. Dhahabu ya zamani ilipakwa ikiwa imechanganywa na vitu vingine, ikachomwa, halafu ikasuguliwa kwa mkono hadi ikang'aa kwa upole. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ilienea dhahabu ya majimaji, rahisi kupaka, iliyotoka jokoni ikiwa tayari inameremeta kama bati jipya. Macho hujifunza tofauti hiyo haraka. Dhahabu ya kale imefifia na kusuguka pale ambapo vizazi vya akina mama waliopangusa vumbi walishika, yaani puani, masikioni na juu ya mkufu. Dhahabu iliyofifia mahali pasipofikiwa na kitambaa, na kubaki kali mahali panapofikiwa, imesuguliwa na mlaghai.

Kuna pia vijiufa vidogo vidogo kama utando wa buibui ndani ya glezi. Hutokea kwa kawaida kadiri udongo na glezi vinavyovutana kwa miaka mingi. Hata hivyo, waghushi wanajua kuvitengeneza kwa makusudi na kuvitia rangi ya kahawia ili vionekane vya kale. Vijiufa vya asili havilingani: hapa vingi, pale vichache, kwingine hakuna kabisa. Vikienea mwili mzima kwa kipimo kimoja, kama wavu wa samaki, mnunuzi ajihadhari.

Kuhusu maandishi ya chini, watu wengi hudhani kwamba kitu kisicho na muhuri hakina thamani. Kwa mbwa wa enzi ya Victoria ukweli unakaribia kuwa kinyume, kwani wengi wao hawakupigwa muhuri wowote. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyojulikana kwa jina la McKinley, ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo zitaje nchi zilikotoka, na tangu hapo neno "England" likaanza kuonekana kwa wingi. Maneno "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kwa hivyo mbwa aliyeandikwa hivyo na kudaiwa kuwa wa mwaka wa 1840 anajikana mwenyewe. Itakumbukwa pia kwamba kalibu za zamani hazikutupwa. Kampuni ya William Kent ya Burslem iliendelea kutumia kalibu za kizamani hadi miaka ya 1960, na vitu vyake, ingawa si vya enzi ya Victoria, si vya bandia pia. Ni halali, ila ni vya umri mdogo, na bei yake iwe hivyo.

Farasi wa Beswick

Katika nyumba za walowezi waliopenda mbio za farasi na kilimo, kilichopatikana zaidi pengine kilikuwa kijisanamu cha Beswick. Kampuni hii ilianzishwa na James Wright Beswick mjini Longton katika miaka ya 1890. Ilianza na vyombo vya mezani na mapambo, lakini sifa yake kubwa ilitokana na wanyama, hasa baada ya Arthur Gredington kuajiriwa mwaka wa 1939 kuwa mfinyanzi wake wa kudumu wa kutunga sanamu. Gredington hakufinyanga farasi wa kubuni tu. Alifinyanga wanyama mashuhuri, ng'ombe walioshinda tuzo na mbwa wa maonyesho, kwa uhakika uliowafanya hata wafugaji wavutiwe.

Uzuri wa Beswick kwa anayejifunza ni kwamba kampuni iliweka kumbukumbu. Kila muundo ulipewa nambari, na nambari hiyo aghalabu imegandamizwa chini ya kijisanamu au tumboni pamoja na jina la kampuni. Farasi jike mkubwa wa kukokota mizigo, kwa mfano, ni nambari 818. Ukishaijua nambari, vitabu vya mwongozo vitakuambia nani alibuni, ni miaka gani kilitengenezwa na kwa rangi zipi.

Na rangi ndiyo siri kubwa. Farasi wa kahawia wanaong'aa walitengenezwa kwa maelfu, na leo huuzwa katika minada mingi ya Uingereza kwa bei isiyofika paundi 30. Farasi yuleyule, kutoka kalibu ileile, akiwa na rangi ya kijivu yenye mabaka meusi kama farasi wa bembea wa watoto, anaweza kufikia mamia ya paundi, na baadhi ya miundo imepita elfu moja. Sababu si uzuri. Rangi hiyo ilitumika kwa muda mfupi, na wanunuzi wa wakati huo hawakuipenda sana. Walichokikataa wao ndicho kinachogombewa sasa.

Mfano bora wa kanuni hiyo unatoka katika vijisanamu vya wanyama wa hadithi za Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyefariki mwaka wa 1943. Inasimuliwa kwamba Lucy Beswick, mke wa mkuu wa kampuni Ewart Beswick, ndiye aliyetoa wazo la kuwafinyanga. Bata Jemima Puddle-Duck alikuwa wa kwanza, naye alifinyangwa na Gredington na kuingia sokoni mwaka wa 1948. Jemima alipendwa mno, akatengenezwa kwa miongo mingi, na kwa hiyo leo ni rahisi kumpata. Lakini kulikuwa na mbwa mweusi aliyeshika maua, aliyeitwa Duchess, ambaye alitolewa mwaka wa 1955. Hakununuliwa sana. Mwaka wa 1967 kampuni ikaacha kumtengeneza. Kwa muda mrefu sasa amekuwa miongoni mwa wanaosakwa zaidi katika kundi hilo, na bei yake imewahi kupita paundi elfu moja. Duchess mwingine, aliyeshika andazi la nyama, alifuata mwaka wa 1979, naye hana bei hiyo, kwa hivyo muuzaji anayetaja jina tu bila kusema mbwa ameshika nini aulizwe.

Muhuri wa chini nao husema mengi katika kundi hili. Ile ya mwanzo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipigwa kwa rangi ya dhahabu. Iliyofuata ni ya kahawia. Jemima mwenye muhuri wa dhahabu humzidi Jemima mwenye muhuri wa kahawia, ijapokuwa wakiwekwa pamoja mezani mgeni hataona tofauti.

Kampuni ya Royal Doulton iliinunua Beswick mwaka wa 1969. Kiwanda cha Longton kilifungwa mwaka wa 2002, na jina la Beswick likauzwa miaka michache baadaye, hivyo vitu vyenye jina hilo vya baada ya hapo ni vya wamiliki wengine. Izingatiwe pia kwamba vitu vyenye dosari vya Doulton vilitiwa mkwaruzo katikati ya muhuri ili visiuzwe kama vya daraja la kwanza. Muuzaji asiye mwaminifu atakuambia ni alama ya kisu cha jikoni.

Vijinyama vya kwenye pakiti za majani ya chai

Si kila kitu kidogo ni cha thamani, wala si kila kitu cha bei ya chini ni cha kudharauliwa. Kiwanda cha Wade cha Burslem kilikuwa kikitengeneza vifaa vya umeme vya kauri, na ujuzi huohuo wa kushindilia udongo kwa mashine ndani ya kalibu za chuma ndio kilioutumia kutengeneza vijinyama vya urefu wa takriban sentimita nne vilivyoitwa Whimsies. Seti kumi za mwanzo zilitolewa kati ya mwaka wa 1953 na 1959, nyingi zikiwa na wanyama watano ndani ya kijisanduku. Seti ya nne, ya mwaka wa 1955, ilikuwa ya wanyama wa Afrika: simba, mamba, tumbili na mwanawe, kifaru na mwana wa tembo. Ninayo huba na kifaru huyo, maana anaonekana mwenye hasira kuliko ukubwa wake unavyomruhusu.

Mwaka wa 1967 vijinyama vya Wade vilianza kutiwa ndani ya pakiti za majani ya chai ya Red Rose nchini Kanada, na baadaye Marekani. Vilitengenezwa kwa mamilioni. Ndiyo maana anayekuta chombo kimejaa vijinyama hivyo asianze kuhesabu ada za shule: vingi huuzwa kwa paundi moja au mbili. Vya seti kumi za mwanzo, hasa vikiwa ndani ya kijisanduku chake, vina bei kubwa zaidi, na baadhi ya vya seti za mwisho, kama yule farasi wa mizigo, vimewahi kughushiwa kwa sababu hiyo.

Wade pia ndio walioitengenezea benki ya NatWest ya Uingereza nguruwe watano wa kuwekea akiba kuanzia mwaka wa 1983. Mtoto aliyefungua akaunti kwa paundi tatu alipewa Woody, nguruwe mchanga aliyevaa nepi. Akiba ilipofika paundi 25 alipata dada mtu, Annabel, na hivyo akaendelea hadi paundi 100 zilipompa baba, Sir Nathaniel. Watoto wengi walipata Woody. Wachache mno walikuwa na subira, au wazazi wenye uwezo, wa kufikia Nathaniel. Hapo msomaji anaweza kujibu mwenyewe nani kati ya hao ana bei. Kizibo cha asili cha tumboni kikiwapo, bei hupanda zaidi. Nguruwe wengi walipoteza vizibo siku ile mtoto alipotaka peremende.

Sikio lililounganishwa

Hali ya kitu ndiyo inayoamua zaidi kuliko jina la kampuni. Wanyama wana sehemu nyepesi kuvunjika, nazo ni masikio, mikia, pembe na miguu ya farasi. Sikio lililomeguka linaweza kuondoa nusu ya bei ya kijisanamu cha kawaida, na mguu uliovunjika na kuunganishwa huondoa zaidi ya hapo. Kwa vitu adimu sana vya karne ya 19 wanunuzi husamehe kidogo, kwa kuwa kukipata kizima ni bahati.

Fundi hodari huficha ufa kiasi kwamba jicho halioni. Lakini kidole huhisi. Glezi ni baridi na ngumu kama kioo, ilhali rangi iliyopakwa juu ya gundi ina joto kidogo na ulaini. Wazee wa biashara hii hugusisha kitu kwenye meno, kwani jino hutambua ulaini huo upesi. Gonga pia polepole kwa ukucha na usikilize: kisicho na ufa hulia kwa sauti safi, chenye ufa hutoa sauti butu kama ya nazi iliyooza. Katika chumba chenye giza, taa ya miale ya urujuanimno, kama ile inayotumiwa kukagua noti, huonyesha sehemu iliyorekebishwa iking'aa kwa namna tofauti na mahali pengine.

Kwa hisani yako, usikisugue kitu kabla ya kukiuliza bei. Kuna watu ambao wameifuta dhahabu ya karne moja na nusu kwa sifongo ya waya na sabuni ya sufuria ndani ya dakika tano. Wala usiunge sikio kwa gundi kali ya dukani; kiweke kipande kilichomeguka ndani ya bahasha na ukiache kiwe pamoja na mnyama wake.

Bei ya kuulizwa na bei ya kulipwa

Kosa linalowapotosha Wakenya wengi wanaotafuta bei katika intaneti ni kuamini bei anayotaka muuzaji. Mtu anaweza kumtangaza mbwa wake kwa paundi 800 na akaa naye miaka sita. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Nyumba nyingi za mnada za Uingereza huchapisha matokeo ya mauzo yao, na baadhi ya masoko ya intaneti humruhusu mtu kuangalia vilivyokwisha kuuzwa. Tafuta kitu kinachofanana na chako kwa nambari, rangi, kimo na hali, kisha chukua mauzo kadhaa, si yale ya juu pekee.

Ukweli mchungu ni kwamba vitabu vingi vya mwongozo wa bei vilichapishwa wakati soko lilipokuwa juu, katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo bei za vijisanamu vya kawaida zimeporomoka. Kizazi kilichovikusanya kimezeeka, watoto wao wanaishi katika nyumba ndogo zisizo na meko, na intaneti imeonyesha kwamba kilichodhaniwa adimu kilikuwa kwenye kabati la kila jirani. Vilivyo adimu kwa hakika vimestahimili. Anayenunua leo anunue kwa kuwa anakipenda. Mwenye nia ya kuwekeza akafikirie hisa au shamba.

Anayeuza naye apige hesabu yote. Nyumba ya mnada hukata ada yake kwa muuzaji, na kwa kawaida humtoza mnunuzi nyingine. Kuna gharama ya kukisafirisha kitu kinachovunjika, bima na ushuru. Mbwa wa paundi 40 akitumwa London kutoka Nairobi anaweza kumrudishia mwenyewe chini ya nauli yake. Kwa kitu kama hicho ni heri kumwuzia mtu aliye papa hapa nchini.

Lipo pia suala la sheria, na hapa wengi hushtuka. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kifaa chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Zingatia neno "kuingizwa". Vijisanamu vingi vilivyoletwa na walowezi vilikuja baada ya mwaka huo, lakini aliye na ushahidi kwamba chake kiliwasili mapema zaidi aulize Makavazi kabla ya kukipeleka uwanja wa ndege.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa wanyama wa udongo wa kale wa Kiafrika, kama wale wa bonde la mto Niger nchini Mali au wa utamaduni wa Nok nchini Nigeria. Hao si mapambo ya sebuleni. Mwaka wa 2000 Baraza la Kimataifa la Makavazi liliwaweka katika orodha nyekundu ya vitu vinavyoporwa, na anayeuziwa kondoo wa udongo kutoka Mali bila hati ananunua kimojawapo kati ya viwili: mali ya wizi au kazi ya mghushi. Hata kipimo cha maabara, ambacho hupasha moto chembe za udongo na kupima mwanga zinaotoa ili kujua zilichomwa lini mara ya mwisho, hakimlindi mnunuzi kikamilifu, kwa kuwa waghushi huunganisha vigae vya kweli na udongo mpya na kumpa mpimaji sehemu ya kale.

Aliye na mbwa, farasi au pundamilia na angependa kukijua zaidi anaweza kuwaandikia wauzaji wa mnada wanaoshughulikia ufinyanzi wa Staffordshire, kwani wengi hukadiria bei bila malipo kwa kutazama picha. Picha zipigwe mchana karibu na dirisha, bila mmweko wa kamera: moja ya mbele, moja ya mgongo, moja ya chini kabisa ambapo tundu na maandishi vinaonekana, na moja ya karibu kwa kila ufa. Weka rula kando yake, taja urefu kwa sentimita na uzito kwa gramu. Lile sikio lililounganishwa na baba kwa gundi lipigwe picha pia.